Upande wa Kushoto

Siku ya tatu kushoto kumevimba kuliko kulia.
Nimetazama kwa kioo kidogo cha kunyolea,
kile anachokiacha Lwitiko dirishani,
mguu mmoja juu ya ndoo, shingo imepinda
kama mtu anayetafuta sarafu uvunguni.
Nilichokiona ni tunda damu
lililoiva, likaanguka, likakanyagwa na mbuzi.

Majirani wanajua nimetolewa kidole tumbo.
Mama Anyambilile kaja na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai,
kauliza: wamepasua upande gani?
Nikasema kushoto.
Kidole tumbo hukaa kulia.
Kanyamaza. Kaukoroga uji
ambao haukuhitaji kukorogwa.

Najua jina la kila kipande cha baiskeli,
spoku, pedeli, gololi, tandiko,
lakini miaka arobaini na moja
hapa nimepaita *huko*.
Daktari alisema mashavu ya uke
kama asemavyo mtu meza, kiti, fungua dirisha,
nami nikatazama ukuta,
kalenda ya kampuni ya mbolea.

Si Lwitiko aliyenituma.
Ni Isyesye hadi Uyole, magunia ya viazi nyuma,
miaka kumi, kila mlima tandiko linabana panapobana,
jioni kujiosha ni kama kujipaka pilipili.
Na kama aibu nayo ilikuwepo,
ilikuwa abiria tu,
ilikaa nyuma kwenye karia.

Sina friji. Nina Julai.
Usiku Lwitiko anaiweka chupa ya maji nje, juu ya tofali,
upepo wa Loleza unafanya kazi yake,
alfajiri anaileta imefungwa kanga,
anaiweka kitandani na kutoka.
Hajaomba kuona.
Dakika kumi baridi, halafu pumzika, halafu kumi tena.
Nje jogoo wanawika na meno yao yanagongana,
kama jogoo wangekuwa na meno.

Haja ndogo ni safari.
Kikombe cha maji ya vuguvugu mkononi, namimina huku nakojoa,
huku nahesabu,
sijawahi kupita saba.

Usiku wa nne nilimpigia Sista Subilaga.
Nikasema sista, nimeharibika.
Damu inatoka? Imekoma.
Homa? Hapana.
Harufu? Hapana.
Upande mmoja umezidi mwingine?
Umezidi, sista, umezidi sana.
Akapiga miayo, nikamsikia.
Basi ni uvimbe, akasema,
uvimbe haujui kugawa sawa.
Usijihukumu kwenye kioo kabla ya wiki sita.
Na hicho kioo, mrudishie mwenyewe.

Sikumrudishia.

Siku ya sita rangi zimeanza kuhama,
zimeshuka hadi pajani bila kuniaga.
Zambarau pembeni imekuwa kijani,
kijani cha ganda la parachichi, nje yake
manjano hafifu, mafuta ya alizeti yaliyomwagika kitambaani.
Midomo ya watu ingepata la kusema.
Midomo yangu hii imefumba, imeshonwa,
inavuta kidogo ninapocheka,
kwa hiyo sicheki.

Siku ya tisa uzi mmoja umedondoka wenyewe.
Nimeukuta kwenye pamba, mfupi, mweusi,
kama ule wa mdomo wa gunia.
Nimeushika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Baiskeli imeegemea ukuta wa jikoni.
Nimelibonyeza tairi la mbele kwa kidole,
limeishiwa upepo.
Tungegawana.

Jioni Mama Anyambilile kafuata chupa yake.
Hakuketi. Kasimama mlangoni, kaivuta shali,
macho yake kwenye baiskeli, si kwangu.
Mimi nilijifungua wa nne, akasema, nikachanika,
wakashona usiku, kwa taa ya chemli.
Hadi leo sijui walishona nini na nini.
Kisha, kwa sauti ya kuulizia bei ya chumvi:
na kushoto, kunaendeleaje?

Kunapungua, nikasema.
Polepole.